Solfa Unayo, Sasa Mistari Mitano: Mwongozo wa Mtihani wa Upangaji wa Chuo cha Muziki

Usaili umekwisha kuupita. Ulituma video ukiimba au ukipiga ala yako, chuo cha Marekani kikakukubali kwenye shahada ya muziki, na sasa unahangaikia viza. Ghafla idara inakuandikia kwamba kabla ya muhula wa Agosti kuanza utafanya mtihani mwingine: nadharia, usikivu, pengine na piano. Wengi wanaotoka kwetu huusoma ujumbe huo kama tishio, wakidhani wanataka kunyang'anywa walichokwisha kupewa. Sivyo. Huu ni mtihani wa upangaji. Nafasi yako chuoni kwa kawaida haiguswi. Kinachoamuliwa ni darasa lipi uanzie.

Hata hivyo usiupuuze, kwa sababu unagusa fedha na muda. Katika vyuo vingi vya Marekani nadharia ya muziki hufundishwa kwa mfululizo wa mihula minne, na huruhusiwi kuingia muhula wa pili bila kufaulu wa kwanza. Idara ndogo mara nyingi hufungua darasa la kwanza mara moja tu kwa mwaka. Ukipangwa kwenye darasa la msingi, lile la kujifunza majina ya nota na thamani zake, mfululizo wako wote unaweza kusogea mbele mwaka mzima, na mara nyingi krediti za darasa hilo hazihesabiwi kwenye shahada ingawa ada yake unailipa. Kwa anayesomeshwa na mfadhili kwa miaka minne na si siku zaidi, hilo si jambo dogo.

Upande wa pili nao una hatari yake, na watu huusahau. Ukikesha wiki mbili unakariri majibu, ukapenya hadi darasa la juu kuliko uwezo wako, ifikapo Oktoba utakuwa umekaa katikati ya watu wanaoandika kwa dakika kumi kazi inayokuchukua usiku mzima. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usijiandae kwa kurundika mambo mapya. Jiandae kwa kuyatoa kwenye karatasi yale ambayo sikio na koo lako vinayajua tayari. Kwa mwanakwaya wa Afrika Mashariki, hayo ni mengi kuliko anavyodhani.

Mtaji wako ni solfa

Mfumo aliokuandikia ubaoni mwalimu wa kwaya, d r m f s l t pamoja na nukta pacha za kutenganisha mapigo, ulitokana na kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza. Mchungaji John Curwen aliuboresha na kuueneza katikati ya karne ya 19, na wamisionari wakaubeba hadi huku. Mtu aliyelelewa nao hana haja ya kufundishwa kwamba ti inataka kupanda kwenda do, au kwamba fa inavutwa kushukia mi. Amelisikia hilo kila Jumapili tangu utotoni. Mwanafunzi wa Marekani aliyejifunza klarineti kwa kubonyeza vidole huenda analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza chuoni.

Unachokosa ni daraja la kuvuka kutoka herufi hizo kwenda kwenye mistari mitano, yaani stafu. Na daraja lenyewe ni fupi. Tazama alama za ufunguo mwanzoni mwa mstari. Kama ni shapu, ile ya mwisho kulia ni ti. Panda nusu hatua, hapo ndipo do. Kama ni flati, ile ya mwisho ni fa. Hesabu kushuka hadi do, au ukitaka njia ya mkato, flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Ukishaipata do, stafu yote inageuka kuwa solfa. Anza na wimbo unaoujua kwa moyo. Kwaya nyingi za kwetu zimeimba "Haleluya" ya Handel kutoka oratorio yake Messiah, aliyoitunga mwaka 1741. Nota zake za stafu zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Utaona shapu mbili, F na C. Ya mwisho ni C shapu, hiyo ni ti. Basi do ni D. Imba sauti yako huku kidole kikifuata stafu, kisha rudia kwa sauti ya jirani yako wa kwaya, ile usiyoijua vizuri. Hapo ndipo kusoma kwenyewe kunapoanza, maana kumbukumbu haikusaidii tena.

Lakini jihadhari na mitego mitatu, kwa sababu solfa ya Marekani na ya Curwen zinafanana sana mpaka zinadanganya.

Wa kwanza ni skeli ya maina. Sisi huiimba kuanzia la: la ndiyo nyumbani. Vyuo vingi vya Marekani huianzia do, kisha huzishusha sauti zinazohusika: do re me fa sol le te do. Mara ya kwanza utahisi kama umevalishwa viatu vya mtu mwingine. Vipo vyuo vinavyobaki na la kama sisi, vipo vinavyotumia namba 1 hadi 7, na vipo vinavyofuata desturi ya Kifaransa ambamo do ni C siku zote, ufunguo uwe wowote.

Wa pili ni sauti zilizopandishwa au kushushwa. Kwa Curwen, iliyopandishwa huishia na e, kama fe na se. Iliyoshushwa huishia na a, kama ta na ma. Wamarekani hupandisha kwa i, wakasema fi na si, na hushusha kwa e, wakasema me, le, te. Tazama basi: se kwako ni sol iliyopandishwa, kwao ni sol iliyoshushwa. Vitabu vya zamani vya Curwen huiandika sauti ya saba te. Mmarekani akiona te anasikia sauti ya saba iliyoshushwa. Ukiimba silabi yako mbele ya mtahini asiyeijua desturi yetu, atadhani umekosea wakati sauti umeipata barabara.

Wa tatu ni majina ya Kiingereza. Kama ulifundishwa kwa mitaala ya Uingereza, au ulifanya mitihani ya ABRSM, unaijua krocheti na kweva. Marekani krocheti ni "kwota noti", yaani robo, na kweva ni "eiti noti", yaani moja ya nane. "Ba" wao huita "meja", neno linaloweza kukuchanganya na meja ya skeli. Kadensi uliyofundishwa kuiita pafekti wao huiita othentiki. Impafekti ni hafu kadensi. Intaraptedi ni diseptivu. Kodi ya kwanza iliyogeuzwa, ambayo ulikuwa unaiandika Ib, wao huiandika kwa tarakimu ya Kirumi I na 6 ndogo pembeni; Ic inakuwa I yenye 6 juu ya 4. Kodi za maina huandikwa kwa herufi ndogo. Haya yote ni kazi ya jioni moja ya kutengeneza jedwali lako, lakini nimeona watu wanaojua nadharia vizuri wakibabaika kwa sababu hawakulitengeneza.

Kwa hiyo barua pepe ya kwanza uiandikie idara sasa hivi, kwa adabu na kwa ufupi. Uliza wanatumia silabi gani, kama unaruhusiwa kuimba kwa silabi zako, mtihani una sehemu ngapi na ni wa muda gani, na kama wana mfano wa mtihani uliopita. Idara nyingi wanao mfano huo na hawana sababu ya kukuficha.

Karatasi inapima kasi

Sehemu ya maandishi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haina maajabu: kusoma nota kwenye klefu ya trebo na ya besi, alama za funguo zote 15 za meja na 15 za maina, intavali, kodi za sauti tatu na za saba, vipimo vya mapigo. Kila moja ukipewa muda utaipata. Shida ni kwamba hupewi muda. Mtu anayehesabu kwa vidole kutoka C hadi A flati atamaliza nusu ya karatasi.

Kwa hiyo fanya mazoezi kwa saa ya simu. Tovuti ya musictheory.net ina mazoezi ya bure ambayo hukurushia nota, intavali au kodi moja baada ya nyingine, na unaweza kuchagua funguo na klefu unazotaka kujipima. Ya teoria.com nayo ni nzuri. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko Jumamosi nzima. Usihame kutoka alama za ufunguo kwenda intavali mpaka jibu liwe linakuja bila kufikiri; intavali na kodi zote zimejengwa juu yake. Kama unataka kitabu, Open Music Theory kinasomwa bure mtandaoni na kimeandikwa kwa ajili ya madarasa haya haya ya vyuo vya Marekani.

Mpiga gitaa wa dansi au wa bendi ya kwaya ana tatizo la peke yake. Mkono wake unaijua I, IV na V katika kila ufunguo, lakini muulize kodi ya E meja ina nota gani atakuambia E, A flati, B. Kwa sauti ni sahihi, kwa maandishi ni kosa: ni G shapu. Kodi za kawaida hurukia herufi moja moja, E-G-B, ndipo shapu na flati zinafuata. Andika kodi saba za kila ufunguo kwa mkono, herufi kwanza, alama baadaye.

Cheti cha nadharia cha ABRSM ngazi ya 5 kinasaidia sana kwenye sehemu hii, kwani kinafika hadi funguo zenye shapu au flati sita. Ila hakikupimi imla, wala hakikupimi uandishi kamili wa sauti nne. Usije ukalala kwa sababu unacho.

Imla

Hapa ndipo pointi hupotea kwa wingi, na hapa ndipo wewe mwanakwaya unapaswa kuzichuma. Mtahini hutaja ufunguo, hupiga kodi ya nyumbani, kisha hupiga wimbo mfupi mara tatu au nne. Unauandika.

Kosa la kawaida ni kuanza kuandika nota ya kwanza inapolia. Kalamu ikiwa kwenye nota ya tatu, wimbo uko kwenye ya tisa na umekwisha kuukosa. Mara ya kwanza weka kalamu chini. Sikiliza kama mwalimu wa kwaya anavyokuimbia mstari ili uurudie: shika mwanzo, shika mwisho, jua mapigo ni ya mbili, tatu au nne. Kimya kinachofuata ndio muda wa kazi. Jiimbie kichwani kwa solfa na uandike herufi zenyewe, s m r d, pembeni mwa karatasi. Mara ya pili na ya tatu ni za kuhakiki. Kuzigeuza herufi kuwa nota za stafu unafanya mwishoni, wimbo ukiwa umenyamaza. Mwenye solfa ana hati mkato ambayo wenzake hawana, na ni ajabu jinsi wengi wetu tunavyoificha mezani kwa kudhani ni ya kishamba.

Imla ya kodi ni ngumu zaidi. Hupigwa kodi mfululizo katika sauti nne, nawe unatakiwa kuandika sauti ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha namba za kodi. Besi wa kwaya ana bahati. Maisha yake yote ameimba mstari huo. Soprano anapaswa kujifunza kuusikia. Dawa ni rahisi: chukua nyimbo za kitabu cha kanisa lako, sikiliza rekodi, uimbe besi tu, wiki nzima. Utagundua kwamba besi inayokwenda fa, sol, do inajirudia mwisho wa beti nyingi mno, na mtihani nao unaipenda.

Mdundo wa 6/8 usikutie hofu. Aliyekulia kwenye ngoma zinazogawanya mapigo kwa mbili na kwa tatu wakati uleule anausikia bila shida. Ugumu uko kwenye kuuandika: pigo moja ni kwota noti yenye nukta, na eiti noti tatu hufungwa pamoja kwa boriti. Ukizifunga mbili mbili umeandika 3/4, hata kama jumla inatoshana.

Neno kwa waliofundwa na taarabu, hasa waliopita Dhow Countries Music Academy pale Zanzibar. Sikio lililozoea maqam ya Rast au Bayati husikia sauti zilizo kati ya funguo za piano. Mtihani huu hauna nafasi ya sauti hizo. Kila kitu kimekatwa kwa nusu hatua. Lakini aliyezoea Hijaz huishika mara moja ile intavali pana ya maina ya hamoniki, kati ya sauti ya sita na ya saba, ambayo huwasumbua wengine.

Kuimba kwa kusoma papo hapo huenda pamoja na imla. Kipimo kizuri ni mtihani wa AP wa nadharia ya muziki wa sekondari za Marekani: mtahiniwa hupewa sekunde 75 za kujiandaa, kisha huimba. Jirekodi kwa simu kwa kipimo hicho. Usisimame ukikosea: pigo likiendelea, mtahini anasikia mtu anayejua kusoma.

Kinanda bila kitufe

Kuhusu piano nitasema jambo moja kwa uwazi. Wapiga kinanda wengi wa makanisani hupiga kila kitu katika C au F, na kwaya ikitaka kupanda wanabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo. Piano ya mtihani haina kitufe hicho, na funguo zake ni nzito. Miezi michache kabla, lizime kabisa hilo tegemeo. Utaombwa skeli za oktava mbili kwa mikono miwili na vidole sahihi, I-IV-V-I katika funguo kadhaa, na pengine wimbo mfupi wa kuwekea kodi papo kwa papo. Ukiwa na kibodi ya funguo 61 nyumbani, tafuta chuo, shule au kanisa lenye piano halisi uizoee walau mara moja kwa wiki. Ukipangwa darasa la chini la piano, wala usihuzunike. Ni la watu wengi, na ni la manufaa.

Anayekwenda kusoma shahada ya uzamili

Huyu mtihani wake ni mwingine. Ataombwa kuandika sauti nne kwa mtindo wa korali za Bach, kuchambua kipande kizima, na kujibu maswali ya historia ya muziki wa Ulaya tangu nyimbo za watawa hadi karne ya 20. Akishindwa hupewa madarasa ya marudio juu ya mzigo wa miaka miwili tu.

Kwenye sauti nne, kosa linalotuponza ni sauti kwenda sambamba kwa umbali wa tano au oktava. Sikio letu haliioni dosari. Wagogo wa Dodoma huimba sauti sambamba, na ni muziki mtamu usiodaiwa na mtu. Sheria hiyo ni ya mtindo mmoja, wa Ulaya ya karne ya 18. Ifuate kama unavyofuata tahajia ya lugha ya kigeni, bila kuisadiki kupita kiasi wala kuigombania kwenye chumba cha mtihani. Kila baada ya kodi mbili, kagua jozi zote sita za sauti. Nakili korali tatu au nne za Bach kwa mkono, uweke namba za kodi, kisha ufunike sauti za kati uziandike mwenyewe na kulinganisha. Kitabu cha Aldwell na Schachter, Harmony and Voice Leading, kinatosha kwa kazi hii.

Historia isomwe kwa masikio. A History of Western Music cha Burkholder, Grout na Palisca ni kinene, na ukikisoma kama riwaya utalala. Jiwekee vigingi vichache: L'Orfeo ya Monteverdi 1607, kifo cha Bach 1750, Symphonie fantastique ya Berlioz 1830, Le Sacre du printemps ya Stravinsky jijini Paris 1913. Sikiliza vipande vya miaka ya katikati na ujiulize vinakaa upande gani wa kigingi. Ukisikia harpsikodi ikijaza kodi chini ya viola na fidla, mara nyingi uko kabla ya 1750 au karibu yake. Okestra ikiwa kubwa yenye tromboni na vinubi, umevuka 1800.

Siku yenyewe

Vyuo vingine hufanya mtihani mtandaoni wakati wa kiangazi. Soma saa vizuri: mwezi Agosti, saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri ya Dar es Salaam na Nairobi, na saa tatu ya Chicago ni saa kumi na moja jioni. Tarehe, Wamarekani huandika mwezi kwanza, hivyo 8/9 ni tarehe 9 Agosti. Tumia vipokea sauti vya waya, chaji kompyuta, na uwe na bando kwenye simu umeme ukikatika. Likitokea la kutokea, piga picha ya skrini na uiandikie idara saa ileile.

Kama mtihani ni wa ana kwa ana, viza ya F-1 inakuruhusu kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20. Fika mapema. Imla saa tatu asubuhi, siku ya pili baada ya kuvuka bahari, ni mateso. Sikio linalala hata macho yakiwa wazi.

Matokeo yakitoka na ukaona umepangwa chini, nenda kwa mshauri wako wa masomo kabla usajili haujafungwa. Uliza kama kuna mtihani wa marudio kabla ya muhula kuanza, kama nadharia na usikivu vinaweza kutenganishwa ili usikivu uanze darasa la juu, na kama mfadhili wako anagharamia krediti zisizohesabiwa kwenye shahada. La katikati ndilo ambalo wengi hawaliulizi, na kwa mwanakwaya ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kujibiwa ndiyo.